Pongezi kwa Wafungashaji wa Debian

Anayeandika programu husifiwa. Anayeifunga ikafika salama kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua, nani anamkumbuka? Tangu Ian Murdock aanzishe mfumo wa uendeshaji wa Debian mwaka 1993, kazi hiyo imebebwa zaidi na watu wa kujitolea.

Kifungue kifurushi cha .deb, aina inayotumiwa na Debian, utakuta mafaili matatu tu. La kwanza lina namba ya muundo, 2.0, basi. La mwisho limebeba programu yenyewe. Utamu uko katikati: humo mna faili liitwalo control, cheti cha kuzaliwa cha kifurushi. Jina, toleo, aina ya prosesa, vifurushi vingine kinavyovitegemea, na jina la mtunzaji pamoja na baruapepe yake. Kikiharibika, unajua mlango wa kubisha.

Nami nilijaribu kufunga changu. Amri yenyewe fupi, dpkg-deb --build na jina la folda, nikaona mchezo. Ikagoma: sikuandika toleo. Nikaliandika, kumbe nimesahau nafasi moja mwanzoni mwa mstari wa pili wa maelezo. Ikagoma tena. Hawa wenzetu hufunga vifurushi kwa maelfu, na majina yao hatuyajui, ingawa yameandikwa humo humo.