Ajono ya Tiira na Ufukara wa Neno "Pombe ya Kienyeji"

Mtu apandaye mnazi kutafuta tembo ana jina lake katika Kiswahili: huitwa mgema, na kazi yake ni kugema. Wahenga walimtungia methali aijuayo kila mwanafunzi: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo yamwonya, lakini pia yamtambua kuwa ni fundi ambaye kazi yake yaweza kusifiwa au kuharibika. Katika makala haya twataka kuuliza kama Kiswahili tunachofundisha kimempa heshima ya namna hiyo mwanamke wa Tiira apikaye ajono.

Tiira ni mji mdogo wa Wilaya ya Busia, Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, ujulikanao zaidi kwa machimbo ya dhahabu. Katika sehemu hizi za Busia na Tororo wanaishi Wateso pamoja na Wasamia, Wagwe na Wajopadhola, na Wateso wengine wako ng'ambo, upande wa Kenya. Kinywaji chao cha ulezi Wateso hukiita ajono. Sokoni Uganda huitwa malwa, neno ambalo Waluhya nao wanalo katika umbo la amalwa. Mpaka uliwatenga watu, lakini mtungi haukuutambua.

Upishi wake ni kazi ya siku nyingi. Unga wa ulezi huchanganywa na maji, hufunikwa hata uchache, kisha hukaangwa juu ya moto na kuanikwa juani. Kando yake ulezi mwingine huoteshwa, ukakaushwa na kusagwa kuwa kimea. Vyote viwili hutiwa mtungini pamoja na maji, vikaachwa siku chache vichachuke. Wakati wa kunywa, maji ya moto huongezwa mara kwa mara, na wanywaji huketi kuuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio nchani, ili machicha yasipande. Mpikaji asiyejua kukadiria kimea na moto huishia na uji mchungu.

Mtungi huo una adabu zake, na katika mila za Wateso umehusika na mambo makubwa: kuwaita majirani palizini, kupatanisha waliogombana, hata kumpa mtoto jina. Mtaalamu wa Kimarekani Ivan Karp, aliyeishi na Wateso wa Kenya, aliandika mwaka 1980 makala nzima juu ya unywaji wao, akionyesha jinsi mtungi uwakutanishavyo watu na jinsi watu hao hao wawezavyo kuogopana. Makala hayo ni ya Kiingereza. Sisi wa Kiswahili tumeandika nini?

Jibu linatutia haya. Katika madarasa yetu vinywaji vyote hivi vimetupwa katika kapu moja liitwalo "pombe ya kienyeji", na kapu lenyewe hufunguliwa siku ya insha ya "Madhara ya Pombe" tu. Sisi wenyewe tumewahi kusahihisha insha ambamo mwanafunzi aliwaita wapika pombe maadui wa maendeleo, tukampa alama nzuri kwa ufasaha wake, hali tukijua kwamba karo yake ilitoka katika mtungi wa mamaye. Mtoto huyo hakusema uongo kwa hiari yake. Aliandika kwa maneno tuliyompa, na hatukuwa tumempa mengine. Mgema ana methali, ilhali mwanamke auzaye pombe mijini Kenya amebandikwa jina la "mama pima", ambalo mara nyingi hutamkwa kwa kejeli.

Kosa hili si la adabu tu, bali ni la maana pia. Ajono huchachuliwa, chang'aa na waragi hukenekwa. Kenya ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980, ikaifuta sheria hiyo mwaka 2010. Uganda ilitunga sheria ya kudhibiti enguli mwaka 1965. Sheria hizo zilitaja vileo kwa majina yavyo. Mwalimu asemaye "pombe ya kienyeji" kwa vyote hawezi kumweleza mwanafunzi ni kipi chenye hatari ipi.

Wako watakaosema kwamba tunatetea ulevi. La hasha. Twajua nyumba ambazo mtungi umemeza shamba na karo. Lakini amwonyaye mtu juu ya jambo hana budi kulijua jambo lenyewe. Tena wenye viwanda wameutambua utajiri huu kabla yetu: tangu mwaka 2002 bia ya Eagle imepikwa Uganda kwa mtama wa Epuripur, na nafaka ya mkulima mdogo ikapata jina chupani huku ikikosa nafasi kitabuni.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kiswahili kiendacho Tiira kikimkuta mtoto na kumwambia kwamba vitu vya nyumbani kwake havina majina, hatakipenda, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Lugha iliyokwisha kupokea mbege ya Wachaga na ulanzi wa Iringa haitashindwa kupokea ajono na malwa. Maneno kimea, machicha, mrija na kukeneka yamo kamusini tayari, yakingoja kufundishwa.

Twapendekeza, basi, kwamba kabla ya insha ya madhara itangulie insha ya maelezo: mwanafunzi amwulize mamaye au nyanyaye hatua za upishi, aziandike kwa mpangilio, kisha ndipo ahukumu. Hukumu yake yaweza kuwa kali, nasi tutaipokea, maadamu itakuwa yake mwenyewe.