Ramani ya Cantino: Matini Yenye Sauti Mbili

Aghalabu ramani za kale za Wazungu huachiwa wanahistoria na wanajiografia, kana kwamba mhakiki wa fasihi hana la kusema juu yake. Makala haya mafupi yanadai kinyume. Ramani ni matini: ina mtunzi na hadhira, na majina yaliyomo ni usimulizi.

Tuchukue ramani iliyochorwa Ureno na mchoraji asiyejulikana, ambayo Alberto Cantino aliitorosha mwaka 1502 na kumpelekea mtawala wa Ferrara. Hivi leo imehifadhiwa Modena, Italia. Umbo la Afrika limekaribia usahihi, ilhali Bartolomeu Dias alikuwa ameizunguka rasi ya kusini mwaka 1488 tu.

Majina ndiyo yanayofichua mishono ya matini hii. Kusini, mabaharia waliandika kalenda na matumaini yao wenyewe: Natal, kwa kuwa ilikuwa Krismasi ya 1497; kisha Mto wa Ishara Njema. Kaskazini lugha inabadilika: Quiloa, Mombaça, Melinde. Tahajia ni ya Kireno, maneno si yao.

Je, kusini hakukuwa na watu? La hasha. Dias na Vasco da Gama walikutana na Wakhoikhoi. Majina yao ndiyo hayakusikilizwa. Tofauti ni kwamba katika miji ya Waswahili mgeni alihitaji maarifa ya mwenyeji. Aprili 1498 da Gama alipewa rubani Malindi, na Mei 20 akafika Calicut.

Rubani huyo ni nani? Shajara ya safari inamwita Mkristo. João de Barros, mwaka 1552, anamwita Mwislamu wa Gujarat, Malemo Caná. Lakini "Malemo" si jina bali ni cheo, kutoka mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa "mwalimu". Wengine wamelijaza pengo hili kwa jina kubwa la Ahmad ibn Majid, dai ambalo wataalamu wengi wamelikataa. Kujaza pengo hivyo ni kumnyamazisha mhusika mara ya pili. Kazi ya mhakiki ni kulisoma pengo lenyewe.

Suala hili linatuhusu sisi pia. Mwanafunzi anayekusanya ngano vijijini, kisha akaandika "mzee mmoja alisimulia" bila kuuliza jina wala idhini yake, anaichora upya ramani ile: maarifa ya mwenyeji, sahihi ya mgeni.