Wati 290 Mbele ya Kadi ya Wati 170

Kompyuta inaandika barua bila tatizo, inafungua intaneti, inacheza muziki siku nzima. Gemu likianza tu, au video ikianza kutolewa baada ya kuhaririwa, inazimika papo hapo. Hakuna onyo wala ujumbe wa hitilafu, ni kioo cheusi na feni zilizokufa. Fundi anapuliza vumbi, anabadilisha RAM, anapiga Windows upya. Wiki mbili baadaye mwenye mashine amerudi dukani na lalamiko lile lile.

Mara nyingi kosa lilifanyika siku kadi mpya ya picha ilipochomekwa. Chukua Dell OptiPlex 9020, mashine ya ofisini ya mwaka 2013 inayopendwa sana miongoni mwa kompyuta za mtumba. Yenye kesi ya mnara huja na pawa saplai ya wati 290. Ndani yake mtu anaweza kuwa na prosesa ya Core i7-4790, ambayo kiwango chake ni wati 84. Akiongeza kadi ya RTX 3060, iliyotoka 2021, ameongeza wati 170. Bodi kuu, RAM, diski na feni zipewe wati 50 hivi. Jumla ni 304. Pawa saplai imezidiwa, na hapo hata akiba ya usalama haijawekwa.

Nvidia yenyewe inapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo. Mnunuzi akiona 304 halafu 550 hudhani anauziwa zaidi ya anachohitaji, lakini sababu ipo. Kadi ya picha hainywi umeme kwa utulivu kama taa; huvuta kwa mafundo ya ghafla, na fundo moja laweza kupita mbali kiwango kilichotangazwa, kisha likatulia kabla jicho halijapepesa. Ndiyo maana Intel, katika viwango vya ATX 3.0 vya mwaka 2022, ilizitaka pawa saplai kubwa zistahimili mara mbili ya uwezo wao kwa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Pawa saplai ya zamani isiyojiandaa kwa mafundo hayo hujikinga kwa njia moja tu: inazima kila kitu.

Kwa hiyo mtu anakwenda kutafuta kubwa zaidi, na hapo ndipo wengi huumia. Boksi limeandikwa 500 kwa herufi nene na bei ni nusu ya ile ya jirani yake. Maandishi ya boksi hayatoshi. Pawa saplai yenyewe igeuzwe, isomwe lebo ya ubavuni. Pale pana jedwali lenye mistari ya volti 3.3, volti 5 na volti 12, na chini ya kila mmoja idadi ya ampea. Prosesa na kadi ya picha hulishwa na mstari wa volti 12. Ukikuta ampea 20, zidisha: 12 mara 20 ni wati 240. Hizo ndizo wati za kweli kwa kazi hii, hata kama boksi linasema 500. Nyingine zimekaa kwenye volti 3.3 na 5, ambako mashine ya leo haina shughuli nyingi. Muundo huo ulikuwa na maana kabla ya mwaka 2000, prosesa zilipokuwa zikila kwenye mistari hiyo midogo. Pawa saplai nzuri ya wati 550 huandikwa ampea 45 hivi kwenye volti 12, yaani karibu uwezo wake wote uko pale unapohitajika.

Kisha nyaya. Tundu la kadi kwenye bodi kuu hutoa wati 75 na si zaidi. Plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Madukani kuna adapta ndogo ya bei rahisi inayogeuza plagi ya SATA, ile ya diski, kuwa plagi ya kadi ya picha. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, zote pamoja ni wati 54. Kuitaka ilishe plagi ya wati 150 ni kuitaka iungue, na plastiki yake huyeyuka kweli. Adapta hiyo isinunuliwe kabisa.

OptiPlex ina kikwazo chake. Bodi yake kuu hutumia plagi ya pini 8 badala ya pini 24 za kawaida, hivyo pawa saplai mpya huhitaji adapta iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo. Plagi nyingine ya pini 8 inayofanana nayo kwa umbo haifai, kwa kuwa mpangilio wa nyaya ni tofauti. Aliyenunua kesi nyembamba yenye wati 255 ana nafasi finyu zaidi: pawa saplai ya umbo la kawaida haiingii.

Kwa wengi, chaguo la busara ni kubadilisha kadi na kuiacha pawa saplai. GTX 1650 hula wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji plagi ya ziada. Hapo hesabu inakuwa 209 kwa 290, na mashine inapumua.

Alama ya 80 Plus kwenye pawa saplai hueleza ufanisi tu. Ya Bronze, ikiwa nusu ya mzigo, hupitisha wati 85 katika kila 100 inazovuta ukutani. Mwenye mita ya LUKU ataona tofauti polepole. Na UPS ya VA 650 isidhaniwe kuwa ya wati 650. Nyingi hazifiki 400.

Kazi ikiisha, mashine ipewe mzigo kamili nusu saa huku multimita ikiwa kwenye plagi ya Molex, kati ya waya wa njano na mweusi. Kiwango kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani volti 11.4 hadi 12.6. Volti zikishuka chini ya hapo gemu likiwa linaendelea, pawa saplai irudishwe dukani ikiwa bado ina gerentii.