Kadi ya Ndoa Ujerumani: Soma Neno Kabla ya Ua

Jua linazama juu ya bahari iliyotulia. Njia nyembamba inapotelea msituni. Maua ya yungiyungi, meupe pe, yamechapwa kwenye karatasi nene. Msafiri aliyetua Berlin akitokea Dar es Salaam, kumbukizi ya ndoa yake ikiwa imemkuta ugenini, ataona hapo ndipo penye kadi ya kumpelekea mkewe. Lakini katika maduka ya Ujerumani picha za namna hiyo ndizo hupamba kadi za rambirambi.

Kosa hilo ni jepesi kufanyika, na lugha yenyewe huliongezea urahisi. Ibada ya kufunga ndoa huitwa "Trauung", na majonzi ya msiba huitwa "Trauer". Pete ya ndoa ni "Trauring". Kadi ya msiba ni "Trauerkarte". Mgeni anayepitisha macho haraka haoni tofauti. Isitoshe, kadi ya pongezi na kadi ya pole zote mbili huweza kuanza na neno "herzlich", yaani "kwa moyo wote". Kinachofuata ndicho hutenganisha: "Glückwunsch" ni pongezi, "Beileid" ni rambirambi. Penye "Beileid", "Anteilnahme" au "Trauer", msafiri aipite rafu hiyo hata kama picha zake zinavutia kiasi gani.

Mtu wa pwani ana mazoea yanayofaa hapa. Anayenunua kanga hatazami pindo na mji peke yake. Husoma kwanza jina, kwa kuwa doti yenye maua mazuri inaweza kubeba maneno ya kumchoma anayepewa. Kadi ya Ujerumani isomwe vivyo hivyo, na kazi yenyewe ina hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kutofautisha harusi na kumbukizi yake. "Zur Hochzeit" ni kadi ya maharusi wanaofunga ndoa sasa. "Zum Hochzeitstag" ndiyo ya kumbukizi. Wajerumani pia huipa miaka majina: mwaka wa 1 ni ndoa ya karatasi, wa 5 ya mbao, wa 10 ya waridi, wa 25 ya fedha, wa 50 ya dhahabu na wa 60 ya almasi. Hata miaka 12 na nusu ina jina lake, ndoa ya kotimiri. Kwa hiyo shada la rangi ya fedha kwenye kadi halikuwekwa kwa urembo tu. Linatangaza "Silberhochzeit", ile ambayo makanisani kwetu huitwa jubilei ya fedha, na aliyeoa miaka 7 iliyopita hana haja nayo.

Hatua ya pili ndiyo muhimu kuliko zote, nayo imo katika neno moja fupi. Kadi nyingi za kumbukizi ya ndoa zimeandikwa ili ndugu na marafiki wawapongeze wanandoa. Humo mtu atakuta "euch", yaani ninyi. Kadi ya mume kwa mke, au mke kwa mume, husema "dich" au "dir", yaani wewe. Mswahili anaijua tofauti hii tangu utotoni, kwani ni ile ile iliyopo kati ya "-wa-" katika "tunawapongeza" na "-ku-" katika "nakupenda". Asiyejua neno lingine lolote la Kijerumani akilitafuta hilo tu, ameshaondoa sehemu kubwa ya kadi zisizomhusu. Maneno "Für meine Frau" (kwa mke wangu) na "Für meinen Mann" (kwa mume wangu) humaliza shaka yote.

Hatua ya tatu ni kupima uzito wa penzi. Kiswahili humwambia mama, mtoto na mke neno moja, "nakupenda". Kijerumani hutenga. "Ich hab dich lieb" ni maneno ya upole ambayo mtu humwambia mzazi, mtoto au rafiki wa karibu, na wapenzi pia huambiana. "Ich liebe dich" ni zito zaidi, na hasa ni la wapenzi. Kwa kumbukizi ya ndoa, hilo la pili ndilo lenye kustahili.

Kadi zenyewe haziko mbali. Maduka makubwa ya sabuni na vipodozi kama dm, Rossmann na Müller huziuza, na maduka ya vitabu pia. Tatizo ni siku. Kwa sheria, maduka mengi Ujerumani hufungwa Jumapili. Aliyechelewa aende kwenye stesheni kubwa ya treni, kama Hauptbahnhof ya Berlin, ambako maduka ya wasafiri huruhusiwa kufungua.

Baada ya kununua inabaki posta, na huko umbo la kadi lina bei yake. Barua ya kawaida ya Deutsche Post isizidi gramu 20, urefu sentimita 23.5, upana 12.5 na unene nusu sentimita. Tena urefu uwe angalau mara 1.4 ya upana. Kadi ya mraba, hata ikiwa ndogo na nyepesi, haikidhi kipimo hicho, hivyo hulipiwa stempu ya daraja la juu. Tangu Januari 2025, barua ya kawaida kwenda nje ya nchi hulipiwa yuro 1.25. Jina la nchi liandikwe mstari wa mwisho kwa herufi kubwa, na namba ya S.L.P. isisahaulike, kwa kuwa Tanzania barua nyingi hufikia sanduku wala si mlango wa nyumba. Stempu hiyo moja inatosha hadi mwisho wa safari kwa sababu ya mkataba uliotiwa saini Bern mwaka 1874, ulioanzisha Umoja wa Posta Duniani. Mmoja wa waasisi wake wakuu alikuwa Mjerumani, Heinrich von Stephan.

Bado lipo swali la nani ataisoma kadi. Kiswahili kimechukua "shule" kutoka Kijerumani, na "hela" kutoka "heller", sarafu ya enzi ya ukoloni wa Wajerumani, lakini maneno hayo hayatoshi kumfanya mke aliyeko Tanga aelewe ubeti wa Kijerumani. Kwake yeye, chaguo bora ni kadi isiyo na maandishi ndani: msafiri achague picha baada ya kuhakikisha haitoki rafu ya msiba, kisha aandike kwa mkono wake, kwa Kiswahili, na kuitia posta wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Kadi iliyochapwa "Ich liebe dich" ampe mwenzi aliyesafiri naye, au anayekijua Kijerumani.