Kuipa Hewa ya Ukaa Mnato

Katika Kaunti ya Scurry, Texas, tangu 1972 hewa ya ukaa inasukumwa kwenye miamba ya eneo la mafuta la SACROC, kina cha mita 2,000 hivi. Huko shinikizo huibana hadi inakuwa na msongamano unaokaribia ule wa kimiminika. Huchanganyika na mafuta yaliyonasa kwenye vitundu vya mwamba na kuyaongoza kisimani. Tatizo ni kwamba mnato wake ni sehemu ndogo tu ya ule wa maji. Badala ya kuyasukuma mafuta yote pamoja, hupenya katikati yake kwa vidole virefu, ikawahi kisima cha kutolea mafuta na kuyaacha mengi nyuma.

Mpishi hukoroga unga kwenye mchuzi, mchuzi ukawa mzito. Hewa ya ukaa haikubali unga wowote. Miaka ya 1980 John Heller na wenzake huko New Mexico walijaribu polima nyingi, yaani molekuli za minyororo mirefu, mahali pa unga. Zilizoyeyuka hazikuongeza mnato wa kutosha.

Ndiyo maana naistahi sana kazi iliyotoka Pittsburgh mwaka 2000, ya Robert Enick, Eric Beckman na wenzao. Walianza na akrilati yenye florini, kwa kuwa florini hupatana na hewa ya ukaa. Lakini minyororo inayoyeyuka vizuri hupishana bila kushikana. Wakapachika stairini, ambayo pete zake za kaboni hushika pete za mnyororo wa jirani. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo, maana pete hizo hewa ya ukaa haizitaki. Zikiwa chache, hakuna mshikano; zikizidi, mnyororo hujishika wenyewe, au polima yote hujitenga. Walibadilisha kipimo, wakapima tena, hadi wakafika karibu vipande 29 vya stairini katika kila 100. Hapo asilimia chache tu za uzito zilipandisha mnato mara nyingi. Upimaji wenyewe ni wa subira: silinda ndogo huachwa izame ndani ya chombo cha shinikizo chenye kuta za kuonea, na muda wake huhesabiwa.

Polima hiyo ni ghali, na viambata vyenye florini hudumu mno katika mazingira. Kwa hiyo wakemia wanatafuta isiyo na florini. Ile ya vinili asetati huyeyuka, ila hudai shinikizo kubwa kuliko lililomo katika miamba mingi yenye mafuta.