Neno "Risasi" Mbele ya Mfasiri

Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha za moto ina ibara fupi iwezayo kumtoa jasho mfasiri wa Kiswahili. Inafafanua kile ambacho sisi, tunapoitaja sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha, twakiita risasi. Ikifasiriwa kwa maneno tuliyoyazoea, kwa kufupisha, husomeka hivi: risasi ni risasi kamili au sehemu zake, yaani maganda, fataki, baruti na risasi. Neno moja limetokea mara tatu, na kila mara kwa maana nyingine.

Katika mazungumzo ya kawaida kasoro hii haimdhuru mtu. Askari akisema amekamata risasi kumi, sote twamwelewa. Balaa huanza tunapofasiri maelezo ya kazi yenyewe, kama vile mwongozo wa mwindaji anayejaza maganda kwa mkono, kisha akaenda kuzijaribu risasi zake kwenye kiwanja cha shabaha. (Ruhusa ya kufanya hivyo ni jambo la sheria, wala mimi simo.) Mwongozo unamwambia apime uzito wa risasi. Apime kipi? Kile kipande kirukacho, au kitu kizima pamoja na ganda na baruti yake? Tena kuna risasi ya tatu, yaani madini yenyewe. Anayetaka kutaja risasi za shaba tupu hana budi kuandika "risasi zisizo na risasi", na msomaji atacheka.

Wazee wetu hawakuwa na taabu hii. Gobore lilishindiliwa kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu, baruti kwanza, kisha risasi au marisau, na fataki ikawekwa nje. Kila kitu kilikuwa mbali na mwenziwe, kina jina lake. Kamusi za kale zilikiita kile kilichofungwa tayari "kiasi cha bunduki", jina zuri mno, maana yote hutegemea kipimo. Lakini sioni njia ya kulifufua leo. "Kiasi cha baruti katika kiasi" ni kitendawili.

Wala nisingeshauri kazi ya kujaza maganda iitwe kushindilia. Mtu wa gobore alitumia baruti nyeusi, na mara nyingi aliimimina kwa kukadiria. Baruti isiyo na moshi, aliyoibuni Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ina nguvu kubwa zaidi mno kwa uzito ule ule. Anayeijaribu huanza chini ya upeo uliochapishwa, kwa sehemu moja hivi katika kumi, akapanda kidogo kidogo. Na kila baada ya mlio hulitazama ganda. Akiona fataki imebonyea ikawa bapa, au komeo la bunduki limekuwa gumu kufunguka, husimama papo hapo. Mfasiri aliyeandika "baruti" basi, bila sifa yake, amemwacha msomaji achanganye vitu viwili, na mtutu waweza kupasuka karibu na uso wake. Sijui kosa la istilahi lililo karibu zaidi na hospitali.

Vipimo navyo vina mtego. Miongozo hiyo hupima kwa punje, na punje 1 ni gramu 0.0648. Mfasiri mwenye haraka akiandika gramu 0.1 amezidisha kwa zaidi ya nusu. Afadhali aiache "punje" ilivyo na kutoa hesabu ya gramu pembeni, tena kwa tarakimu zote. Na mizani? Ile ipimiayo maharage Kariakoo haifai. Iandikwe "mizani ya sonara", ambayo kila mkazi wa katikati ya jiji anaijua. Tola moja ya sonara ni punje 180 kamili, na punje 180 ni uzito wa kawaida wa kile kirukacho katika bunduki ya kuwindia ya .30-06. Sonara aliyerithi mawe ya mizani ya baba yake angekihakiki kwa jiwe moja.

Kuhusu "fataki" sina shaka. Kariakoo ni kitu cha kulipua sikukuu, na tangu matangazo ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000 ni pia mtu mzima anayewarubuni wanafunzi wa kike. Lakini hakuna atakayemtafuta mtu huyo kwenye kitako cha ganda.

Napendekeza basi "risasi" libaki kwa kitu kizima, kwa kuwa ndivyo watu wasemavyo, na kile kirukacho kiitwe "kichwa cha risasi". Kwa bunduki za marisau, neno "marisau" lenyewe latosha. Ibara ya mwaka 2001 itasomeka: risasi ni risasi kamili au sehemu zake, yaani maganda, fataki, baruti na vichwa. Marudio ya mwanzo yamebaki. Neno la jumla bado sijalipata, na "zana" ni pana mno.