“Linda Nchi”: Sarufi ya Uhalali wa Vita Dhidi ya Ugaidi

Swali la iwapo vita ni jibu halali kwa ugaidi kwa kawaida huachiwa wanasheria na wanafalsafa. Makala hii fupi inadai kwamba wanaisimu nao wana la kusema, kwa kuwa uhalali huo huanza kujengwa katika jina. Mfano wetu ni Operesheni Linda Nchi, ambayo kwayo majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011 kupambana na Al-Shabaab, baada ya wageni kutekwa nyara katika eneo la Lamu na kambini Dadaab.

Hoja ya watetezi si dhaifu. Dola isiyowalinda waliomo mipakani mwake imeshindwa wajibu wake wa kwanza, na Kenya ilitaja Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, inayotambua haki ya kujihami. Anayepinga vita vyote hana budi kueleza wale waliotekwa wangelindwa vipi. Kwa hiyo hatudai kwamba vita hivyo vilikuwa haramu. Tunahoji yale ambayo jina lake lilituzuia kuyauliza.

Kwanza, kitenzi linda kina dhana ya kukaa mahali. Anayelinda mpunga dhidi ya ndege hukaa shambani; hafuati viota msituni. Mtetezi atajibu kwamba ndege hawaishi mradi viota vipo. Huenda ni kweli, lakini kitendo hicho ni kushambulia, na kushambulia hudai sababu nzito kuliko kulinda. Pili, kitenzi kimo katika hali ya kuamuru: hakina kiambishi cha kiima wala cha njeo. Hakisemi nani anatenda, wala hadi lini. Mwaka 2012 majeshi hayo yaliingizwa katika AMISOM, nayo amri ikaendelea bila ukomo.

Tatu, adui mwenyewe. Gaidi ni mtu: anaweza kukamatwa, kushtakiwa au kusalimu amri. Ugaidi ni nomino dhahania, na dhahania haisalimu amri. Vita dhidi yake humhitaji mtu wa kuivalisha sura. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, lililoua watu 67, na mengine yaliyofuata, msako wa Usalama Watch wa Aprili 2014 uliwakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na wengi wakapelekwa kuhakikiwa katika uwanja wa Kasarani. Miongoni mwao walikuwamo raia wa Kenya. Yambwa ya linda ilikuwa nchi. Wananchi, yaani wana wa nchi hiyohiyo, wakawa washukiwa.

Mwaka uliofuata, Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Hatusemi kwamba operesheni ndiyo iliyosababisha maafa hayo. Tunasema kwamba jina lake halikutupa kipimo cha kujua iwapo nchi ilikuwa imelindwa.

Kwa maoni yetu, vita dhidi ya magaidi vinaweza kuhalalishwa pale tu vinapoweza kuelezwa kwa sentensi kamili: nani anampiga nani, wapi, kwa kosa gani, na hadi lini. Serikali inayoshindwa kuitunga sentensi hiyo haijatoa hoja, imetoa amri.